Kisiwa Tumekubaliana, Hoteli Imetushinda

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu. Mimi ni fundi wa lifti, mke wangu ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na tangu tuoane likizo zetu zimekuwa ni kwenda kusalimia wazazi, mara kwake mara kwangu, basi. Mwaka huu kitinda mimba wetu kaondoka nyumbani, nyumba imekuwa kimya mpaka friji inasikika ikipumua, ndipo mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mimi na wewe twende mahali," nikamuuliza wapi, akataja kisiwa, nami nikakubali hapo hapo kwa sababu sijawahi kumsikia akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Binti yetu mkubwa, ambaye kazi yake ni kupangia watu safari, akatutumia picha za hoteli mpya ya kisiwani huko, vyumba vimejengwa juu ya maji, kila chumba na bwawa lake dogo, kitanda kikubwa utadhani uwanja wa mpira, asubuhi unafungua mlango unatia miguu baharini. Mimi nilipagawa, nikawa nawaonyesha mpaka vijana wa kazini. Mke wangu akaiangalia simu kama anavyoangalia picha ya eksirei ya mtoto wa watu, akasema, "Pazuri," akanirudishia. Kisha akasema yeye anataka hoteli nyingine, iliyo upande wa pili wa kisiwa, ya zamani, yenye ngazi nyeupe na baraza ndefu ya mbele. Nikaitafuta. Ni ya kifahari, sikatai, lakini fahari yenyewe ni ya enzi zake, maana waliolala huko wanaandika kwamba mabomba yanaguna, mapazia yamepauka na lifti inakwama. Mshauri, mwaka mzima nashinda ndani ya mashimo ya lifti, niende na likizo nikasikilize lifti inakwama?

Nikamuuliza kwa nini ile. "Naipenda tu." Nikamwambia unaipendea wapi nawe hujawahi hata kufika kisiwani? Akaenda kuanua nguo. Siku nyingine tunaangalia picha za hoteli hiyo, nikasema hii baa ya uani inaonekana imetulia, naye bila kufikiri akasema, "Hapo palikuwa pa kufulia." Alipoona nimemgeukia akainuka kwenda kuchungulia chungu jikoni, na jikoni hakukuwa na chungu chochote motoni.

Hapo shetani akanipata. Nikajiambia huyu ameshafika huko, na msichana hafiki hoteli ya vile peke yake. Yeye sikumuuliza, nikampigia simu shemeji, mdogo wake, nikazunguka weee, mwisho nikamuuliza waziwazi ni mwanamume gani. Shemeji akacheka, halafu kicheko kikakatika. Akasema, "Shemeji, dada alikuwa anatandika vitanda pale."

Kumbe kabla hatujajuana alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli hiyo. Mgeni mmoja akapotelewa na hereni ya dhahabu, chumba kilikuwa cha zamu yake. Msimamizi akamsimamisha kwenye korido ya wafanyakazi, akamwamuru amwage mkoba wake sakafuni mbele ya wenzake, wakakuta kitana, kitambaa na picha ya mama yake, hereni hawakuikuta, wakamfukuza hivyo hivyo na kumpandisha boti jioni ile ile bila hata kuaga. Baadaye mwenzake akamletea habari kwamba hereni ilionekana katika mfuko wa joho la kuogea la mgeni mwenyewe. Hakuna aliyemwita wala kumwomba radhi. Akaenda kusomea uuguzi. Waliojua ni mama yao, ambaye sasa ni marehemu, na shemeji. "Usije ukamwambia nimekwambia," shemeji akasema, "ataona nimemvua nguo."

Nami, mshauri, sikuona huruma peke yake, niliona na aibu. Nilijiona nimekaa mezani pale, mfanyakazi mmoja wa zamani anamnong'oneza mwenzake, yule ndiye aliyefukuzwa kwa wizi, na yule ni mumewe. Nikaogopa pia kwamba mke wangu atatonesha kidonda. Kwa hiyo binti alipopiga simu kuuliza tumeamua nini, nikamjibu mbele ya mama yake, "Weka ile mpya." Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Sawa, baba," akaendelea kukunja. Tangu siku hiyo ananisemesha kama anavyosemesha ndugu wa wagonjwa, kwa upole na kwa kifupi. Gauni alilonunua kwa ajili ya safari amelirudisha kwenye mfuko wa dukani, na mfuko ameutundika nyuma ya mlango.

Nimwambie kwamba najua, nimchongee shemeji? Ninyamaze tuende ile mpya, asikojulikana na mtu, akapumzike? Au nimpeleke kule kule alikodhalilishwa? Nijibu mapema, siku ya kuondoka imekaribia.

Fundi Lifti


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Fundi Lifti, pole. Nimeitanguliza pole kwa sababu baada ya hapa sina nyingine.

Mkeo alipotaja hoteli, ulimtafutia mwanamume. Ulipomkosa mwanamume, ukaanza kujitafutia aibu. Nimeisoma barua yako mara mbili na kila kitu ndani yake kinakupata wewe: lifti itakukera wewe, watu watakunong'ona wewe. Hivi aliyemwaga mkoba sakafuni ni nani? Na huyo mfanyakazi wa zamani umemtoa wapi? Watu wa hoteli huhama. Msimamizi yule, kama yu hai, yuko kwake anabembeleza wajukuu, na kijana wa mapokezi hakuwa amezaliwa. Anayekumbuka ni mkeo peke yake, na hiyo ndiyo sababu anataka kwenda.

Unasema unaogopa kumtonesha kidonda. Nakuamini nusu. Mkeo anauguza watoto wa watu kila siku, anajua kidonda kipi kifungwe na kipi kifunguliwe. Hakukuomba umkinge. Alikuomba muende naye.

Wasomaji wengi huniandikia kuhusu hoteli za pwani wakiuliza bwawa, kitanda, chakula, umbali wa maji. Ni maswali ya maana, nami huwajibu. Lakini wewe swali lako si hilo. Likizo hii ameiomba mkeo, kwa hiyo hoteli nzuri ni ile anayoitaka yeye, hata ikiwa mabomba yanaimba taarabu.

Sasa sikiliza. Usimfiche. Mtu aliyehukumiwa na watu waliokuwa wakinong'ona pembeni hastahili mume mwenye yake ya pembeni. Mwambie leo, mkiwa wawili: nilikushuku, nikamuuliza mdogo wako, akanieleza, nisamehe. Anza na kushuku. Utatamani kuiruka sehemu hiyo, usiiruke, maana ukiiruka shemeji ndiye atakayeonekana mbeya. Ukimaliza, nyamaza. Asipokujibu, usimjazie maneno.

Kisha muulize akifika anataka kufanya nini. Akisema hataki kufanya lolote, hilo nalo ni jibu. Usimwite meneja. Usidai hoteli imwombe radhi. Usimsimulie mhudumu mkiletewa juisi. Mpigie binti yako abadilishe, na chumba kiandikwe kwa jina la mama yake, jina kamili. Mapokezi asaini yeye, wewe usimame nyuma na mabegi.

Maneno haya nilimpa fundi kwa simu kwanza, kwa kuwa safari ilikuwa mlangoni, na nayachapa sasa kwa ruhusa yao wote wawili. Alifanya alivyoambiwa, ingawa aliniambia aliogopa kuliko siku aliyonasa kwenye lifti ya ghorofa ya tisa.

Mkewe, aliyekuwa anafua nyuma ya nyumba, alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mwanamume?" Akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa zile kandambili za kazini? Na harufu ile ya dawa ya choo? Mwanamume gani, baba watoto?" Kicheko kikageuka kilio, naye fundi, kwa mara ya kwanza katika habari hii, hakusema kitu. Alipotulia akamuuliza akifika anataka nini.

"Nataka kunywa chai kwenye baraza ya mbele," akasema. "Sisi tulikuwa haturuhusiwi kupita pale."

Wakaenda. Kijana wa mapokezi akamwita kwa jina lake, akamkaribisha, akampa kalamu. Alipanda ngazi za mbele polepole, akachagua meza, akaagiza chai, akainywa mpaka ikaisha, akaongeza nyingine. Hakuna aliyemtambua na yeye hakujitambulisha. Baadaye akaenda mwenyewe uani, akawatafuta wanawake wa kufulia mahali walipohamishiwa, akakaa nao. Walichozungumza fundi hakijui, na nimemkataza kuuliza.

Kesho yake asubuhi akanipigia kutoka huko huko, sauti ya chini, amejificha bafuni.

"Mshauri, amefunga mabegi! Anasema ameshakunywa chai yake, hapa pamechakaa, nimpigie binti atuhamishie ile ya juu ya maji. Si yeye aliyeing'ang'ania hii? Nimuulize kwa nini?"

Fundi, toka bafuni. Piga simu, shika mabegi, na usimuulize chochote.