Kibao cha Wenye Kusema Kinande

Mardi, Butembo

Eti babinti ba darasa langu banatii! Directeur anasema hivyo juu kibao cha azabu chenye tunavalishaka mutoto mwenye kusema Kinande, luga yetu ya nyumbani, pahali pa Kifaransa, kila siku kiko kwa shingo ya kijana mwanaume. Mais babinti hapana kutii, banaogopa kuchekwa. Kifaransa kikibashinda, bijana banaendelea mu Kinande. Babinti bananyamaza tu.

Leo nilifungia kibao mu armoire, nikauliza mu Kinande: juu ya nini maharagi inaoza mu maji mingi? Kavira, binti mwenye nilikuwa bado kusikia sauti yake tangu rentrée ya masomo, akasimama, akaeleza yote mu Kinande. Bijana bakasikiliza.

Directeur atajua. Kusema kweli, ninaogopa. Mais akiuliza kibao kiko wapi, atakikuta kwa shingo yangu.