Mikarafuu Niliyoiuza Wawi

Wawi, Pemba

Kwa dada yangu Mize,

Assalaam aleikum. Namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu wa mama uwe umepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, ila upweke. Tangu mwenzangu niliyekuja naye arudi kwetu Makunduchi, zipo siku sizungumzi na mtu mpaka jua likachwa.

Umeniuliza mara mbili habari za shamba, nami nimenyamaza. Leo nakwambia. Sinalo.

Ile mikarafuu niliipanda kwa mkono wangu mwaka niliofika, nikaipalilia miaka minane kwa nia ya kuwaachia watoto. Ilipoanza tu kuzaa, bei ya karafuu ikaanguka, na ya mashamba nayo ikaifuata. Kila siku nilikwenda mjini Chake kumuuliza mwenye duka anayenunua karafuu, na kila siku akanijibu, "Leo chini ya jana." Hofu ikanishika. Nikasema niuze shamba sasa, bei ikifika chini kabisa nilinunue tena. Bi Riziki, mjane ambaye shamba lake limepakana na langu, alinikataza.

"Haji mwanangu, hicho chini kabisa utakijuaje? Mie nimezeeka hapa wala sijakijua. Wewe palilia."

Nikamwona mtu wa kale. Nikauza.

Bei ikashuka tena kidogo, nikafurahi, nikangoja ishuke zaidi. Haikushuka. Kabla masika hayajaingia, ilikwisha kupanda ikapita pale nilipouzia mimi. Nikamwendea aliyenunua. Hakunidharau, alisema kwa upole, "Siuzi, bwana. Lakini nahitaji wachumaji."

Basi msimu huu nachuma mikarafuu yangu kwa ujira, dada. Siku ya kwanza wenzangu walishuka kwenda kula, mimi nikabaki juu ya mti, maana sikutaka waone uso wangu. Bi Riziki aliniona. Hakuniambia "nilikukanya." Alinipa miche kumi na ruhusa ya kuipanda mpakani mwa shamba lake. Nimeipanda, na Chake siendi tena kuuliza bei.

Uchumaji ukimalizika nakuja kuwaona, kisha nitarudi kwenye miche. Miaka yote hii nilikuwa nangoja nije na kitu. Sasa nakuja hivi hivi.

Nisalimie shemeji na watoto, na mjomba mwalimu wa chuoni, na shangazi msuka mikeka. Mama usimfiche. Mwambie mapema, alie kabla sijafika.

Nduguyo akupendaye,
Haji