Kengele ya Chai Iliyolia Mapema

Njia ya Kanisani,
Askerby, Yorkshire.
19 Septemba 2004

Mpendwa mdogo wangu Desmond,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, Ngaire na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Tamsin kimepoa. Huko kwenu Timaru baridi inaondoka. Huku ndiyo kwanza inabisha hodi, na mvua haina adabu. Mimi ni mzima ukiacha goti. Mama ni mzima wa mwili. Nasema mwili kwa sababu mengine utayasoma hapa chini, na tafadhali yasome yote, si kama ile barua ya Pasaka uliyoijibu kwa kuniuliza habari za goti tu.

Kwenye simu huwa unaniambia Mama ana usahaulifu wa kawaida wa uzee. Sikulaumu. Kwenye simu anajua kusema kwamba yeye hajambo, kwamba hali ya hewa ni mbaya, na wajukuu je. Hayo yamembakia mdomoni. Ukikata simu ananiuliza yule bwana mpole alikuwa nani.

Jumamosi za kriketi ndizo nilizokuwa sizihofii. Asubuhi anaamka na akili zake zote kuandaa chai ya klabu. Anachemsha mayai, anapaka siagi mpaka pembeni kabisa mwa mkate, anakata maganda yote, kisha anazifunika sandwichi kitambaa kibichi zisikauke. Mimi naruhusiwa kukata matango, na hata hayo anayarudia nyuma yangu. Wageni kwanza, waamuzi wafuate, vijana wetu mwisho, na ole wake mwanamke mwingine atakayegusa buli. Mikono yake ilikuwa bado inajua, nami nikawa najipa moyo kwamba ikijua mikono, basi yeye mwenyewe hajaondoka.

Kengele ya Baba unaikumbuka. Timu ya kwanza ikimaliza zamu yake ya kupiga, Mama hutoka kwenye ngazi za jengo la klabu na kuipiga, na watu wote wanakuja kunywa chai. Tangu tukiwa wadogo hakuna aliyewahi kubishana nayo. Nahodha mmoja wa Harsley aliwahi kuchelewa, akakuta sahani zimeshaoshwa.

Wiki iliyopita ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na hao hao Harsley. Sisi ndio tuliokuwa tunapiga. Clive Ackroyd, yule mliyesoma naye mkawa mnamwita Sifuri, siku hizi ndiye nahodha wetu. Ana mvi, ana mgongo mbovu, na maisha yake yote hajawahi kufikisha mikimbio mia. Siku hiyo alikuwa na tisini na sita. Watu wote walikuwa wamesimama, na mimi nilikuwa kwenye ubao wa mikimbio nimeshika zile namba za mia mkononi kabisa, tayari kuzitundika.

Mrushaji alikuwa ameanza kukimbia, kengele ikalia.

Desmond, zamu yetu ilikuwa bado sana. Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi na aproni yake, anaipiga kengele kwa nguvu zake zote. Mrushaji akasimama na mpira mkononi. Mzee Norman, mwamuzi, akatazama saa yake, kisha akamtazama Clive, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kukataa. Clive alimwangalia Mama kwa muda mrefu. Kisha akatia gongo lake kwapani.

"Haya jamani, chai tayari," akasema. "Bi Edna hangojwi."

Kijana mmoja wa Harsley akacheka. "Chai gani saa hizi? Si mnaogopa kushindwa tu nyie?"

"Funga mdomo uje unywe," nahodha wake akamwambia.

Meza zilikuwa zimependeza kama siku zote. Vitambaa vyeupe, skonzi na jemu, keki imesimama wima. Mama akaanza kumimina mwenyewe. Nikachungulia kikombe cha Norman. Yalikuwa maji ya moto matupu na maziwa. Katika mabuli yote hakukuwa na jani hata moja la chai. Nikanyoosha mkono niliondoe buli, Clive akanitazama na kutikisa kichwa. Akanywa kikombe chake chote. Wote wakanywa.

"Imekolea leo, Bi Edna," Norman akasema.

"Ukiitaka nyepesi kanywe kwa mkeo," Mama akamjibu.

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka, na kwa dakika ile alikuwa Mama yetu hasa. Yule kijana wa Harsley akanyoosha kikombe akaomba kingine. Nilikwenda kwenye sinki nikafungua bomba ili nilie bila kusikika.

Hatujaondoa hata sahani, mvua ikaanza. Haikuacha mpaka giza likaingia, na mechi ikavunjwa. Clive akabaki na tisini na sita zake. Namba zangu nilizirudisha kwenye sanduku.

Jumanne kamati ikakutana, na Jumatano jioni Clive akaja nyumbani. Mlangoni akaninong'oneza kwamba kuanzia msimu ujao kila mchezaji atakuja na chakula chake. Nikamuuliza nani atamwambia Mama. Akasema ni yeye, kwani nahodha ni nani. Akakaa kwenye kiti cha Baba, ameshika kofia, akamwambia kwamba wakubwa wa ligi wameamua klabu zote ziache kupika chai. Alisema uongo vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mama alisikiliza huku akikunja na kukunjua aproni. Asubuhi ile ile alikuwa ameniita kwa jina la Shangazi Beryl mara kadhaa, na mimi nikaitika. Basi akamwambia, "Clive mwanangu, ulibakiza nne."

Clive akaigeuzageuza kofia mikononi.

"Nilikunyang'anya nne zako."

"Nisingezipata, Bi Edna. Mpira ule ule ungenitoa."

"Muongo wewe. Ulikuwa unapiga vizuri."

Akainuka, akaitoa kengele rafuni na kuiweka mapajani mwa Clive, ameushika ulimi wa kengele kwa vidole ili isilie. Nilimsindikiza Clive mpaka getini. Alilia kama mtoto, mtu mzima yule, na tukaachana bila kuagana.

Nilikuwa nikijiambia kwamba heri yeye hajui yanayomtokea. Sasa najua kwamba kuna nyakati anajua vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Ulisema utakuja mwakani, mkimaliza ujenzi. Nyumba itangoja, Desmond. Nimechoka, nina hasira na wewe, na nimekukumbuka mno. Yote matatu ni ya kweli. Njoo kabla ya Krismasi. Sikuahidi kwamba atakutaja jina, lakini uso wako bado anaugusa kwenye ile picha ya timu.

Shangazi Beryl anakusalimu na kukuuliza kama umenenepa. Norman anakusalimu pia, na Clive, ambaye kengele ameitundika sebuleni kwake na mkewe hathubutu kuifuta vumbi. Mbusu Tamsin na mwambie Ngaire simsahau. Mungu awatunze katika kulala kwenu na kuamka kwenu, na akufungulie njia ya kuja.

Dada yako anayekupenda hata akikukaripia,
Hilary

N.B. Jana Jumamosi Mama aliamka mapema akatengeneza sandwichi za kutosha timu mbili, hapa hapa kwenye meza ya jikoni. Sikumzuia. Alipomaliza akatenga sahani moja pembeni, akaifunika kitambaa kibichi. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya Desmond. Ametoka?" Nikamwambia hapana, bado yuko uwanjani anapiga. Akavuta kiti akakaa dirishani. "Basi sipigi kengele mpaka arudi," akasema.