Kilemba cha Mjomba wa Prinsesi

Kwa dada yangu Mwanamkasi, Mwabungo.

Assalam aleikum dada, na shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya kipupwe? Mimi huku Arabuni ni mzima wa chuma, nimenenepa mpaka mshipi nimeutoboa matundu mapya. Jua la huku linakaanga yai juu ya boneti, nami nalipita bila kofia.

Dada, ile sauti uliyonitumia kwenye simu imenikosesha hamu ya kula. Ati Bi Mwanakombo, mama wa huyo kijana wa Msambweni anayemposa Riziki wetu, ameingia kwako bila hodi! Akamkuta mtoto ametoka kazini hotelini Diani, amesimama tangu alfajiri, miguu imevimba, ameitia kwenye beseni la maji ya chumvi, na wewe uko juu ya mbuzi unakuna nazi. Akaangua kicheko mbele ya wanawake aliokuja nao: "Loo, prinsesi wa Mwabungo! Mama mtumwa, binti anaroweka miguu! Mwanangu anatafuta mke, si pambo la sebuleni."

Riziki akaenda kulia chumbani, miguu inachuruzika maji. Na wewe, dada, ukamtilia chai yule mwanamke! Na mahamri juu!

Hilo neno prinsesi atanifundisha yeye? Mimi niliyeishia darasa la sita nalijua kuliko walimu wote wa Ukunda, kwa sababu ninamwendesha prinsesi mwenyewe, binti wa mfalme, damu ya mfalme. Huku wanamwita amira. Unadhani anashinda amelala akipepewa? Juzi tulipasukiwa na gurudumu jangwani, jeki hatuna. Akavua viatu vyake vya dhahabu, akaliinua gari kwa bega, nami nikabadilisha gurudumu. Wallahi! Kisha akaniambia, "Pole kwa kazi, baba." Na hao wageni wa Diani huwaita watoto wao prinsesi hata wakiwa na makamasi puani, hakuna anayecheka. Riziki anayesimama kutwa, jioni akakuletea dawa ya magoti, ana kasoro gani?

Basi sikiliza. Kwetu Wadigo binti haondoki nyumbani mpaka mjomba apokee kilemba chake, kitambaa cha heshima kutoka kwa upande wa bwana. Bi Mwanakombo amenihesabu kuwa niko mbali, sina mkono. Atauona. Wakileta kilemba, usikipokee, wala usimruhusu baba yake mdogo Riziki akipokee kwa niaba yangu. Yule akinusa pilau tu hukubali lolote.

Waambie mjomba amesema kilemba cha prinsesi hakiletwi na mshenga. Kitaletwa na Bi Mwanakombo mwenyewe, kichwani, kwa miguu, kutoka barabarani mpaka mlangoni, na wanawake wale wale nyuma yake. Apige hodi. Kisha amwoshe Riziki miguu katika beseni lile lile, akimwita prinsesi kwa sauti ya kusikika mpaka Galu. Riziki asiseme neno. Anyooshe tu mguu wa pili.

Akikataa, kilemba wakakifanye tambara la kupangusia masufuria, na Riziki atabaki kwetu.

Najua utasema, "Hamisi, utamvunjia mtoto ndoa yake." Nimempigia Riziki mwenyewe. Nikamwuliza, "Kijana unamtaka?" Akasema, "Namtaka, mjomba." Nikamweleza habari ya beseni. Kisha akaniuliza, "Mjomba, maji yawe ya moto au ya baridi?"

Huyo ni damu yangu. Kwa hiyo usinitumie sauti za kunibembeleza. Nimeandika kwa karatasi ili uisome mbele ya ndugu wote, asiwepo wa kusema hakusikia.

Nisalimie shemeji, baba yake Riziki, na shangazi yetu muuza samaki, mwambie kanzu yake ya harusi nimeshainunua. Bi Mwanakombo usimpe salamu zangu. Atazikuta ndani ya beseni.

Ndimi ndugu yako wa tumbo moja,
Hamisi, dereva wa prinsesi.