Gunia la Kuweka Juu ya Waya

Ferista, mbona hupokei simu? Basi soma. Babu Kefa kaniambia jambo sasa hivi.

Babu yako Yonasi hakwenda migodini Kopabeti, kule Zambia. Hakwenda popote! Alifia kwenye njia ya Ivuna, mwaka 1954, na babu yangu alikuwepo.

Lori la chumvi lilizama kwenye tope. Wakafunga waya kwenye mti wa mgunga, Kefa akashika mpini wa winchi ya mkono, akawa analivuta lori kidogo kidogo. Waya ukaanza kulia. Yonasi akasema, "Bwana, tuweke gunia juu ya waya, ukikatika usitupige." Lori zima limejaa magunia, Feri! Mzungu mwenye lori akakataa. "Chumvi yangu italowa. Vuta!"

Kefa akavuta. Alijua, na akavuta. Waya ukakatika, ukampiga Yonasi shingoni.

Wakamzika palepale kando ya njia. Mzungu akawaambia, "Mtasema amevuka mpaka." Na Kefa ndiye aliyempelekea bibi yako Teresia uongo huo, naye bibi ana mimba ya baba yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tunamcheka babu Kefa kwa kula mboga bila chumvi? Tukasema ni presha!

Bibi yako kapita hapa sasa hivi. Mpaka leo kila anayetoka Zambia anamuuliza habari za Yonasi. Kaniona, kauliza mbona nalia.

Nimemwambia ni moshi.