Anjela nyuma ya bega langu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Bunia tunaendelea. Jua ni kali, na mama yako amepona malaria. Jamaa waliokimbia Djugu bado tunakaa nao.

Umeniuliza kama uvae ile robe isiyo na mikono huko Kisangani, maana unaona mikono yako ni minene. Mdogo wangu Anjela, ambaye hukumjua, alikuwa na mikono kama hiyo.

Siku moja ya joto, wasichana wa kwaya tulishuka Kasenyi, ziwani. Sote tulivaa robe nyepesi. Anjela peke yake alivaa triko nzito ya baridi, jasho likimtiririka. Mpiga picha alipotupanga, yeye akajificha nyuma yangu.

"Toka huko, weye!" wenzake wakamcheka. "Baridi iko wapi?"

"Mungoje nikonde kwanza," akajibu, naye akicheka. "Picha ingine iko inakuya."

Alijibu hivyo kila mara.

Namna alivyokufa sitaiandika. Kwetu, kwenye matanga, picha ya marehemu huwekwa mezani ili wanaoingia waisalimie. Tulitafuta nyumba nzima, tukapata ile ya Kasenyi tu. Paji lake la uso linaonekana, na vidole vyake juu ya bega langu. Mama mmoja aliitazama, kisha akaniuliza polepole, "Mwenye kufa ni nani hapa?"

Vaa robe yako, Neema. Usimame mbele, upigwe picha, unitumie. Siku hizi nikijaribu kuukumbuka uso wa Anjela, unakuja wa kwangu.

Koko wako