Rejeta ya Chumba cha Nyuma

Toronto, 14 Septemba 2013

Dada Zebunissa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na sukari haijapanda. Sisi wazima, wifi yako Shenaz anakusalimu.

Mwaka jana ulikuja kukaa miezi mitatu, ukaondoka wiki ya tatu na kikohozi. Hukunilaumu, lakini nilikusikia ukimwambia Shenaz, "Moez ananilaza kwenye friji." Kweli. Chumba kile cha nyuma kiliongezwa baadaye, na aliyekijenga hakukipelekea joto. Sasa nakiwekea rejeta, bamba la chuma lenye maji ya moto kama lile la sebuleni.

Si kazi ngumu. Chini ya nyumba kuna boila inayopasha maji. Bomba moja huyapeleka kwenye rejeta za vyumba, jingine huyarudisha yakishapoa. Nitazima boila, nimwage maji, niunge rejeta mpya kwenye mabomba hayo mawili, kisha nijaze tena na kutoa hewa. Boila itamudu; nimepiga hesabu mara mbili. Njoo Januari. Kitanda kikae wapi?

Mdogo wako,
Moez

Tanga, 8 Oktoba 2013

Moez,

Marahaba. Goti ni lilelile, sukari sijapima, usiniulize. Rejeta mimi naijua ya lori, lakini wewe ndiye mwalimu wa fizikia.

Kitanda kikae chini ya dirisha. Nyumbani kwa baba sote tulilala dirishani tupate upepo, na ndivyo nitakavyolala mpaka nizikwe. Hilo dude lako liweke kwingine. Tangu mume wangu Abbasali afariki, nyumba hii ni kubwa mno kwangu. Nataka kuja. Lakini nina miaka sabini na tatu: nikitetemeka tena, narudi, na sitapanda ndege nyingine.

Dada yako

Toronto, 25 Novemba 2013

Dada,

Shikamoo. Vuli imenyesha huko? Huku tumeshatoa makoti mazito.

Nilikutii. Rejeta niliifunga karibu na mlango, kitanda dirishani, nikalala humo mwenyewe siku tatu. Miguu ilipata joto, kichwa kikaganda. Shenaz akanicheka: "Miaka thelathini unafundisha joto, dada katoa amri moja umesahau yote!" Sikusahau. Niliogopa kukubishia.

Huko dirisha huleta upepo. Huku huleta baridi. Hewa ikigusa kioo hupoa, huwa nzito, humwagikia aliyelala chini yake. Rejeta ikikaa pale, joto hupanda na kuizuia hewa hiyo njiani. Basi nimemwaga maji tena, nimeihamishia chini ya dirisha. Kitanda kiko ukuta wa ndani. Mwanzoni haikupata moto, maana maji hupenda njia fupi, yote yakapitia sebuleni; nikaibana kidogo valvu ya rejeta ya sebuleni, yakafika. Jana nje kuliganda, nami nililala bila soksi.

Amri yako nimeivunja, dada. Njoo hata hivyo.

Mdogo wako,
Moez

Toronto, 18 Februari 2014

Moez,

Msalimie mwanao Aleem huko Vancouver, na huyo mjukuu mpya uliyekwenda kumwona. Sisi wawili hatujambo.

Ulipoondoka tu, rejeta yangu ikaanza kugugumia: chini moto, juu baridi. Shenaz akashika simu aite fundi. "Wifi, weka simu," nikamwambia, "hiyo ni hewa." Nikachukua ule ufunguo mdogo ulionionyesha wa kutolea hewa, nikalegeza skrubu ya pembeni. Ikafoka weee, maji yakanirukia gauni, nikakaza. Sasa ni moto mpaka juu, na Shenaz ananiita fundi mkuu.

Nje theluji imefika dirishani. Sijakohoa hata mara moja.

Tiketi yangu ya kurudi ni ya tarehe nane Machi. Ukirudi, mpigie wakala aisogeze hadi Juni. Jirani yangu Kuria nimeshampigia mwenyewe: mchicha wangu auchume, ale yeye.

Dada yako